Habari za Binti Zetu: Mzigo Usiogawiwa Sawa

Mwezi huu twaleta somo ambalo wengi wetu huona haya kulisema mbele ya watoto, na wengine huona haya hata kulisema na wenzi wao. Ni habari za binti na vijana wa kiume wenye umri wa miaka 13 hata 19: jinsi mimba zinavyowajia kabla ya wakati, jinsi wapatavyo magonjwa ya zinaa, na jinsi wapatavyo, au wasivyopata, msaada wa kujikinga. Haya yetu hatuilaumu, maana mtu asiye na haya hawezi kulea. Lakini haya ikizidi huwa pazia, na nyuma ya pazia hilo watoto huumia pasipo mtu kuwaona.

Twataka msomaji ashike neno moja tangu mwanzo, maana ndilo somo lote: jambo hili haliwapati watoto wote sawasawa. Huwapata zaidi walio maskini, walio mbali, na waliokosa shule. Tumezoea kuuliza juu ya binti aliyepata mimba, "Amefanya nini?" Yafaa tuulize na swali la pili: "Alikuwa na nini mkononi?"

1. Hesabu zasemaje

Kila baada ya miaka kadhaa serikali ya Tanzania hufanya uchunguzi mkubwa wa nyumba kwa nyumba juu ya uzazi na afya. Katika uchunguzi wa mwaka 2015-16 ilionekana ya kuwa katika kila wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hata 19, wasichana 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 hesabu hiyo ilishuka hata 22. Twashukuru kwa kushuka huko. Lakini hesabu ya wote pamoja ni kama kivuli cha mti: chaonyesha ukubwa wake, wala hakionyeshi ni tawi gani lililovunjika.

Basi tutazame matawi. Mwaka 2015-16, katika nyumba zilizo maskini kuliko zote, wasichana 42 katika 100 walikuwa wamekwisha kuzaa au kushika mimba. Katika nyumba zenye mali kuliko zote walikuwa 13 tu. Katika wasichana wasiosoma shule kabisa walikuwa 52 katika 100. Katika wale waliofika shule ya sekondari walikuwa 10. Vijijini walikuwa 32, mijini 19. Hata mwaka 2022, baada ya kushuka, vijijini walikuwa 25 na mijini 16.

Ndugu msomaji, zitafakari hesabu hizo polepole. Je, twaweza kusema ya kuwa watoto wa wenye mali wana mioyo safi mara tatu kuliko watoto wa maskini? Hatuwezi. Tena hatuwezi kusema ya kuwa mioyo ya watu wa mjini ni myeupe kuliko ya watu wa shamba. Mara nyingi sisi wenyewe husema kinyume chake. Basi ikiwa mioyo haipiti kiasi kwa tofauti, kipo kitu kingine kinachotofautiana. Hicho ndicho tunachokitafuta.

2. Mfano wa binti wawili

Tuwaze habari za binti wawili wa kata ya Kaniha, katika wilaya ya Biharamulo. Hawa ni mfano tu, si watu wenye majina. Lakini kila msomaji wa Biharamulo na wa Ngara ataona ndani yao sura anazozijua.

Wa kwanza baba yake ana duka kando ya barabara. Nyumba yao i karibu na shule. Sabuni anayo, taulo za kike anazo, na taa ya kusomea usiku. Anaye shangazi aliye muuguzi mjini Mwanza, naye huenda kwake wakati wa likizo.

Wa pili kwao ni mbali, upande wa mapori, na baba yake hulima mahindi na mihogo. Shule ya sekondari haifikiki kwa miguu asubuhi na jioni, kwa hiyo amepanga chumba karibu na shule pamoja na wenzake wawili. Jumapili jioni huja na unga wake na maharagwe. Siku ya Alhamisi vimekwisha. Mlango wa chumba hauna komeo. Yupo kijana mwenye pikipiki, aliyemwona akitembea juani na mzigo kichwani. Kijana huyo hakuanza kwa kumtaka; alianza kwa kumbeba. Baadaye alimnunulia sabuni, kisha mafuta, kisha akadai.

Basi tuseme ya kuwa wote wawili wamekosa, kila mmoja kwa njia yake. Mama wa yule wa kwanza huona upesi, humwita shangazi, na mambo huangaliwa kimya kimya na watu wajuao dawa. Yule wa pili hana wa kumwona. Hunyamaza hata mwezi wa tano, ndipo mwalimu hutambua. Wa kwanza atarudi darasani. Wa pili atarudi porini na mtoto mgongoni. Kosa ni moja. Bei yake si moja.

3. Mlango wa zahanati

Wengi hudhani ya kuwa sheria yamkataza kijana kupewa msaada wa uzazi wa mpango mpaka aolewe. Sivyo. Tangu mwaka 1994 mwongozo wa taifa umesema ya kuwa watu wote walio katika umri wa kuzaa, na vijana pamoja nao, waweza kupewa huduma hiyo, bila kujali kama wameoa au kuolewa, au kama wamezaa. Tena katika vituo vya serikali hutolewa bure. Kazi hii si ngeni katika nchi yetu: Chama cha Uzazi na Malezi Bora, yaani UMATI, kilianza mwaka 1959, kabla ya uhuru.

Njia zenyewe zajulikana. Viko vidonge vya kumeza kila siku. Iko sindano ya kila miezi mitatu. Viko vijiti viwekwavyo chini ya ngozi ya mkono, vya miaka mitatu au zaidi. Kiko kitanzi. Iko kondomu, nayo peke yake katika hizo zote huzuia mimba na pia huzuia UKIMWI, kaswende na kisonono. Mwenye kutumia sindano asidhani ya kuwa amekingwa na magonjwa, hakukingwa.

Basi kama mlango u wazi na huduma ni bure, mbona walio maskini hawaingii? Kwanza, njia ni ndefu, na nauli ya pikipiki si bure. Pili, mara nyingine mtu hufika akaambiwa ya kuwa dawa aitakayo imekwisha, arudi juma lijalo. Mwenye nauli atarudi, asiye nayo hatarudi. Tatu, ni habari ya macho ya watu. Katika kijiji muuguzi huenda akawa mwimbaji mwenzake mama yako kwaya moja. Binti akiketi kwenye benchi la zahanati, kabla ya jua kuchwa habari zimefika nyumbani. Mwenye mali huenda mji mwingine asikojulikana, au hununua dukani. Maskini hana ila benchi lile moja.

Nne, wahudumu wenyewe. Uchunguzi uliofanywa katika vituo vya afya vya Tanzania mwaka 1996 ulionyesha ya kuwa wahudumu wengi waliwawekea watu vizuizi visivyokuwamo katika mwongozo: huyu ni mdogo mno, huyu hajaolewa, huyu hajazaa bado. Walifanya hivyo wakidhani wanalinda tabia njema. Lakini binti aliyefukuzwa kwa maneno makali haendi kutubu. Huenda nyumbani, na mara ya pili haji.

4. Mkoa wetu wakumbuka

Watu wa Kagera hatuna haja ya kufundishwa na wageni bei ya kunyamaza. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa katika Tanzania walikuwa watatu, katika mkoa wetu, mwaka 1983. Mwaka 1987 wataalamu walipima damu za watu wazima katika mkoa wote. Katika mji wa Bukoba waliona virusi katika watu 24 kwa kila 100. Katika vijiji vya Bukoba na Muleba 10. Na huku kusini, Ngara na Biharamulo, haikufika hata mtu mmoja katika 100.

Hesabu hiyo yafundisha mambo mawili. La kwanza: ugonjwa hufuata njia za watu na fedha, wala haufuati ukabila wala dini. La pili: kilichokuwa mbali jana huweza kuwa mlangoni leo. Huku kwetu barabara zimefunguka. Pale Nyakanazi malori ya Rwanda, ya Kigoma na ya Kahama hukutana. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huja na kuondoka. Mahali penye wanaume wengi wenye fedha mfukoni, na binti wengi wasio na sabuni, hapo pana hatari hata kama kila mtu amehubiriwa.

Tena hatari hiyo huwaangukia zaidi wasichana. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016-17, vijana wa miaka 15 hata 24 walipopimwa, wasichana 21 katika kila 1,000 walikuwa na virusi, na wavulana 6. Sababu moja ni hii: msichana mara nyingi hufuatwa na mtu mzima kuliko yeye, aliyekwisha pita kwingi.

5. Kujua si kutosha

Labda mtu atasema, "Basi tuwafundishe tu, watajua, nao wataacha." Maneno hayo ni mema, nayo yamekwisha jaribiwa kwa jirani zetu wa mkoa wa Mwanza. Tangu mwaka 1999 palikuwako kazi iitwayo MEMA kwa Vijana. Jumuiya 20 ziligawiwa: katika nusu yake watoto wa shule za msingi walifundishwa habari za afya ya uzazi, wauguzi wakafundishwa kuwapokea vijana kwa upole, na kondomu zikapelekwa vijijini, katika nusu nyingine mambo yaliachwa kama yalivyokuwa. Vijana zaidi ya 9,000 waliangaliwa kwa miaka.

Matokeo yalikuwaje? Vijana waliofundishwa walijua zaidi kuliko wenzao, na mawazo yao yalikuwa bora. Lakini walipopimwa, virusi vya UKIMWI havikupungua kati yao, wala mimba hazikupungua. Wengi walisikitika. Lakini aliye na hekima hajifunzi kwa mafanikio tu. Watafiti walioishi katika vijiji vile waliona ya kuwa msichana alitazamiwa kupewa kitu na mwanamume, na kwamba kitu hicho kilikuwa sabuni yake, mafuta yake na chakula chake. Mtoto wa namna hiyo aweza kuyajua masomo yote, akajibu maswali yote ya mwalimu, na jioni akakosa nguvu ya kusema hapana.

Hatusemi ya kuwa mafundisho ni bure. Pasipo mafundisho hakuna kitu. Twasema ya kuwa mafundisho ni mbegu, na mbegu ikiangukia mahali pasipo udongo haioti. Udongo ni chumba chenye komeo, ni chakula cha siku ya Alhamisi, ni njia fupi ya kwenda shule, ni mtu mzima mmoja wa kumwambia siri.

6. Shule na sheria

Kwa miaka mingi binti wa shule aliyeshika mimba alifukuzwa. Mwezi wa Juni 2017 Rais John Magufuli alitangaza ya kuwa hawatarudi katika shule za serikali. Mwenye fedha alimpeleka mtoto wake shule ya kulipia. Asiye nazo alibaki nyumbani. Ndipo tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza ya kuwa watoto walioacha shule kwa sababu mbalimbali, na waliozaa pamoja nao, waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida. Wako wazazi vijijini wasioisikia habari hii. Mwalimu wa usharika na aitangaze.

Kadhalika kuna sheria za kuwalinda. Tangu mwaka 1998 sheria yasema ya kuwa mwanamume akilala na msichana aliye chini ya miaka 18, asiye mkewe, amebaka, hata kama msichana alikubali. Tangu mwaka 2016 ampaye mimba mwanafunzi aweza kufungwa miaka 30. Na juu ya ndoa: sheria ya mwaka 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua ya kuwa vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha hukumu hiyo. Lakini tunajua sote jinsi kesi za mimba zinavyokwisha vijijini. Wazee huketi, ng'ombe au fedha hutolewa, na shahidi hukataa kusema. Hapo tena baba aliye maskini ndiye auzaye haki ya mtoto wake, maana njaa haingoji hukumu.

7. Sisi katika usharika

Sasa neno hili lafika nyumbani. Kanisa hufundisha vijana kuingoja ndoa, nasi hatuliondoi neno hilo. Lakini tuangalie tunavyolitumia. Binti akionekana na mimba hutolewa katika kwaya, hutengwa, na jina lake husomwa. Mwenzake hajulikani, au ajulikana naye hukaa benchi la mbele, maana tumbo lake halikui. Msomaji na aikumbuke habari ya Tamari na Yuda katika kitabu cha Mwanzo: jinsi yule mzee alivyoamuru mwanamke achomwe moto, hata zilipoletwa pete yake na fimbo yake mwenyewe. Ni mara ngapi sisi tumehukumu pasipo kuuliza fimbo ni ya nani?

Tena nidhamu yetu yamwangukia nani? Yule ambaye mimba yake imeonekana, yaani yule asiyekuwa na shangazi wa Mwanza. Basi pasipo kukusudia tunamwadhibu binti kwa dhambi mara moja, na kwa umaskini mara ya pili.

8. Yafaa tufanye nini

Kwanza, tuwafundishe binti na vijana wa kiume pia, kwa maneno ya wazi na ya heshima. Zamani katika nchi zetu hizi za magharibi ya Ziwa shangazi alikuwa na kazi ya kumfundisha binti mambo ya mwili. Leo shangazi yuko mbali, na simu imeshika mahali pake. Tuchague katika kila usharika mama mmoja au wawili wenye siri, na baba mmoja kwa wavulana.

Pili, tuwajue wanafunzi waliopanga vyumba. Wazee wawaangalie: mlango una komeo? Chakula kimefika mwisho wa juma? Kikundi cha akina mama kikitoa debe la unga na kipande cha sabuni kwa mwezi, kimemkinga mtoto zaidi ya hotuba kumi.

Tatu, mwalimu azungumze na muuguzi wa zahanati, aulize ni siku gani na saa gani kijana aweza kufika pasipo macho ya watu, na amsindikize mwenye hofu. Mtoto akibakwa, asioshwe nyumbani wala mambo yasifichwe: apelekwe kituo cha afya siku ile ile, maana dawa ya kuzuia virusi na dawa ya kuzuia mimba hufaa ndani ya saa 72, tena polisi wana dawati la jinsia na watoto. Na kijana wa miaka 15 aweza kupimwa virusi kwa idhini yake mwenyewe, tangu sheria ilipogeuzwa mwaka 2019.

Nne, binti aliyekwisha shika mimba asiachwe. Mwili wake haujakomaa: kifafa cha mimba, na uchungu wa siku nyingi uletao fistula, huwapata wadogo zaidi. Aanze kliniki mapema, azalie kituoni, kisha arudishwe shule.

Tano, tusiwasahau walio nje ya shule. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa binti wa miaka 14, na tangu 2024 hutolewa mara moja tu kwa wenye miaka 9 hata 14. Mtoto achungaye ng'ombe porini husahaulika kwa urahisi. Mwalimu aliye na orodha ya nyumba zote za mtaa wake amjua.

Ndugu wapendwa, hatuwezi kuwapa watoto wote duka kando ya barabara. Lakini katika kila kijiji tunaweza kumpa yule binti wa pili komeo la mlango, sahani ya siku ya Alhamisi, na mtu mmoja atakayemsikiliza pasipo kupiga kelele. Tukianza na hayo, swali "Amefanya nini?" litapata mwenzake, nasi tutaweza kulijibu pasipo kuona haya.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika mtaa wetu wako wanafunzi wangapi wanaoishi katika vyumba vya kupanga? Ni nani awatembeleaye?

2. Kwa nini vijana wa Mwanza walijua zaidi, lakini mimba hazikupungua?

3. Binti akija kwako na siri usiku wa leo, utamwambia nini kwanza? Utampeleka kwa nani?

4. Katika miaka iliyopita, ni binti wangapi waliotengwa katika usharika wetu kwa sababu ya mimba, na ni wanaume wangapi?